Ufalme wa Zamu na Anguko la Macbeth

Mwezi Agosti mwaka 1040, karibu na mji wa Elgin kaskazini mwa Uskoti, mfalme kijana aliyeitwa Duncan aliuawa na watu wa jimbo la Moray, baada ya kuingia katika nchi yao na jeshi. Mkuu wa jimbo hilo, Macbeth, akatawazwa badala yake, akatawala kwa miaka 17. Zaidi ya miaka 560 baadaye, jijini London, William Shakespeare aliyachukua mauaji hayo akayatoa uwanja wa vita na kuyaingiza chumbani. Mfalme wake si kijana tena bali ni mzee. Hakuja kupigana bali amekuja kama mgeni. Na anayemuua ni mwenyeji wake, usiku, kwa mkono wake mwenyewe. Kilichoondolewa kati ya mauaji hayo mawili ni mila, nayo ni mila ya Waskoti kuhusu nani ana haki ya kukalia kiti cha ufalme na kwa njia gani. Naamini kwamba kuporomoka kwa Macbeth kimaadili, ambako kwa miaka zaidi ya 400 kumesomwa kama tabia ya mtu mmoja mwenye tamaa, hakuwezi kueleweka vizuri bila kuijua mila hiyo. Shakespeare alimnyang'anya shujaa wake hifadhi ambayo wauaji wa wafalme wa Uskoti walikuwa nayo, akamwacha peke yake na tendo lake. Tunachokiona jukwaani ni mtu aliyeua bila mila ya kujifunika.

Katika ufalme wa Uskoti wa karne za 9 na 10, mwana wa mfalme hakuwa mrithi kwa sababu tu alizaliwa na mfalme. Kiti kilikuwa cha ukoo, na aliyekipata alikuwa mwanamume mzima wa ukoo huo aliyeonekana kufaa, mwenye watu nyuma yake na uwezo wa kuongoza vita. Kwa kiasi kikubwa ufalme ulipokezanwa kati ya matawi mawili, wazao wa Constantine na wazao wa Áed, wote wawili wana wa Kenneth MacAlpin. Mila hiyo ilikuwa na busara yake. Nchi iliyozungukwa na Wanorwei, Waingereza na Wabritoni isingeweza kumweka mtoto mchanga kitini na kungoja akue. Tena zamu iliyapa matawi yote sababu ya kuutunza ufalme, kwa kuwa kila tawi lilijua siku yake itafika. Ubaya wake ni kwamba anayengoja zamu huchoka kungoja. Cuilén aliuawa mwaka 971, Kenneth wa Pili mwaka 995, Constantine wa Tatu mwaka 997, Kenneth wa Tatu mwaka 1005. Hao ni wafalme wanne katika miaka 34, na ukimwacha Cuilén, aliyeuawa na Wabritoni wa Strathclyde, wengine walikufa katika ugomvi wa Waskoti wenyewe kwa wenyewe. Kumuua mfalme halikuwa jambo jema hata siku hizo, lakini lilikuwa jambo lenye utaratibu unaojulikana. Muuaji alikuwa na nasaba ya kuitaja, jeshi la kumshuhudia, na mfano wa mtangulizi wake aliyeingia kwa mlango huohuo.

Aliyeivunja zamu si Macbeth. Ni Malcolm wa Pili, yule aliyemuua Kenneth wa Tatu mwaka 1005 na kukaa kitini miaka 29. Hakuacha mwana wa kumrithi, naye alitaka ufalme uende kwa mjukuu wake Duncan, mtoto wa binti yake, kwa hiyo alianza kuwaondoa waliokuwa na haki ya kushindana naye. Mwaka 1033 alimuua mjukuu wa Boite, mwana wa mfalme aliyeitwa Kenneth. Boite huyo alikuwa na binti, Gruoch, na Gruoch ndiye mke wa Macbeth, mwanamke ambaye jukwaani hana hata jina lake mwenyewe. Basi Duncan alipotawazwa mwaka 1034, nyumba ya Macbeth ilikuwa na dai la ufalme na ilikuwa na damu ya kulipiza. Mfalme mpya hakusaidiwa na matendo yake. Aliuzingira mji wa Durham huko Uingereza akashindwa vibaya, kisha akaelekeza jeshi lake Moray, na huko ndiko alikofia. Kwa macho ya Mskoti wa mwaka 1040, hakuna jambo la ajabu lililotokea. Tawi lililonyimwa zamu lilikuwa limeichukua.

Simtetei Macbeth wa kweli kana kwamba alikuwa mtakatifu. Mwaka 1032 mume wa kwanza wa Gruoch, Gille Coemgáin, alichomwa moto pamoja na watu wake 50, na ingawa maandiko ya wakati huo hayamtaji aliyewachoma, aliyefaidika ni Macbeth, kwa kuwa alipata ukuu wa jimbo na mjane pia. Mwaka 1045 Crínán, baba yake Duncan, aliuawa katika vita vya Waskoti dhidi ya Waskoti, dalili kwamba si wote walioukubali utawala mpya. Hata hivyo kuna upande wa pili ambao tamthilia imeunyamazia kabisa. Mwaka 1050 Macbeth alikwenda kuhiji Rumi, na mtawa mmoja wa wakati huo ameandika jinsi alivyowamwagia maskini fedha huko. Mfalme anayeogopa kivuli chake hawezi kuiacha nchi kwa muda wa safari kama hiyo na kurudi akakuta kiti chake kipo. Yeye na Gruoch waliwapa watawa wa Loch Leven ardhi. Alivamiwa na Siward wa Northumbria mwaka 1054, akashindwa vitani lakini hakufa, na aliuawa mwaka 1057 huko Lumphanan na Malcolm, mwana wa Duncan. Hata hapo watu wake hawakukubali kwamba mambo yamekwisha, wakamtawaza Lulach, mwana wa Gruoch, aliyeuawa mwaka uliofuata.

Walioshinda ndio walioandika. Wafalme wote waliofuata walitoka upande wa Duncan, kwa hiyo kadiri karne zilivyopita Macbeth alizidi kuwa mbaya katika vitabu. John wa Fordun alimfanya mnyang'anyi. Hector Boece, katika historia yake ya Kilatini ya mwaka 1527, alimwingiza Banquo, mtu ambaye hayumo katika kumbukumbu za karne ya 11, ili nyumba ya Stuart ipate babu wa heshima. Kutoka kwa Boece habari zilifika katika kitabu kikubwa cha Raphael Holinshed, na toleo la mwaka 1587 la kitabu hicho ndilo Shakespeare alilolitumia. Hapa panahitaji uangalifu, maana pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba mshairi hakuwa mwanahistoria na aliandika tu alichokikuta. Hakika si hivyo. Holinshed, pamoja na uongo wake wote, bado alikuwa ameihifadhi mila. Anaeleza kwamba Duncan alipomteua Malcolm kuwa mrithi, Macbeth alichukizwa kwa sababu sheria ya zamani ilisema mrithi akiwa hajatimiza umri, jamaa wa karibu ndiye anayechukua kiti. Akaona kwamba ana haki ya kuteta. Anaeleza pia kwamba Macbeth alitawala kwa haki kwa miaka 10 kabla ya kuharibika. Na anamtaja Banquo kuwa mshirika katika kumuua mfalme. Hayo yote yalikuwa mezani kwa Shakespeare, na yote aliyaacha. Mauaji ya chumbani aliyatoa katika kurasa nyingine za kitabu hichohicho, katika habari za Donwald aliyemuua mfalme Duff ndani ya ngome ya Forres kwa kushawishiwa na mkewe. Aliacha kisa kilichokuwa na udhuru, akachukua kisa kisichokuwa nao.

Ushahidi ulio bora kuliko wote umo katika onyesho la mwisho la tendo la kwanza. Macbeth ametoka kwenye karamu aliyomwandalia mfalme, yuko peke yake, anajadiliana na nafsi yake. Anazitaja sababu za kutoua: yeye ni jamaa wa mfalme, ni raia wake, ni mwenyeji anayepaswa kumfungia mlango adui badala ya kushika kisu, na zaidi ya hayo Duncan ametawala kwa upole. Upande wa kuua anakuta kitu kimoja tu, yaani tamaa, nayo anaikiri kwa jina lake. Mtu aliye peke yake, anayetafuta sababu ya kufanya jambo analolitaka, angeanza na haki yake kama angekuwa nayo. Angesema, tawi letu lilidhulumiwa; angesema, Malcolm bado mdogo; angemtaja mpwa wa mkewe aliyeuawa. Hasemi neno hata moja. Mahali hasa ambapo mila ingejitokeza kumsaidia, Shakespeare ameifuta. Imebaki alama ndogo tu, ambayo wasomaji wengi huipita: baada ya mauaji, wana wa mfalme wakiwa wamekimbia, wakuu wa nchi wanaona ni kawaida kabisa kwamba Macbeth atachaguliwa na kwenda Scone kutawazwa. Hakuna anayeuliza kwa haki gani. Ufalme wa zamu bado unapumua nyuma ya jukwaa, lakini shujaa haruhusiwi kuugusa.

Kuanzia hapo anguko linaendelea kwa hatua tatu za mauaji, na ukizipima hatua hizo utaona mambo mawili yakienda pamoja: mkono wa Macbeth unazidi kuwa mbali na damu, na muda wa kufikiri unazidi kupungua. Duncan anamuua mwenyewe, baada ya mjadala mrefu, baada ya kughairi na kushawishiwa upya, baada ya kuona hewani kisu ambacho hakipo. Akitoka chumbani anashindwa kuitikia amina, anasahau kuviacha visu alikopaswa kuviacha, na akiambiwa avirudishe anakataa kwa sababu hawezi kulitazama alilolifanya. Huyu bado ni mtu mzima wa nafsi. Hofu yake ndiyo uzima wake. Kwa Banquo anawatuma watu. Bado kuna mazungumzo, tena marefu, lakini sasa hoja hazielekezwi kwa dhamiri yake, zinaelekezwa kwa wauaji, akiwaaminisha kwamba Banquo ndiye chanzo cha taabu zao. Mtu aliyekuwa akipambana na uongo ndani yake amekuwa mtengenezaji wa uongo kwa wengine. Mkewe, aliyekuwa mshirika wa siri ya kwanza, hii ya pili anafichwa. Bado dhamiri haijafa, maana mzimu wa Banquo unakuja kukaa kwenye kiti chake karamuni na hakuna mwingine anayeuona. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndivyo anavyomwambia mkewe karamu ikishavunjika, isipokuwa maji yake ni damu, naye amekwisha kufika katikati. Hatua ya tatu ni nyumba ya Macduff. Macduff mwenyewe ameshakimbilia Uingereza, kwa hiyo kuwaua mkewe na watoto hakumpunguzii Macbeth adui wala hakumlindii kiti. Hakuna mjadala, hakuna kisu hewani, hakuna mzimu unaokuja baadaye. Anaamua kwa maneno machache, na anajisifu kwamba tangu sasa wazo na tendo vitakuwa kitu kimoja. Mwanamume aliyekuwa hawezi kutazama damu ya mzee mmoja anaamuru mtoto auawe mbele ya mama yake, kisha, hadi anapokutana na Macduff mwishoni, haonyeshi dalili ya kukumbuka kwamba aliamuru.

Wapo wanaosema lawama ni ya mke, au ni ya wachawi. Mke kweli alisukuma kisu cha kwanza, lakini hakujua cha pili wala hakushauriwa cha tatu, na njia yake inapishana na ya mumewe: yeye aliyesema maji kidogo yangetosha kuondoa doa, ndiye anayetembea usingizini akisugua mikono isiyotakata, huku mume aliyetetemeka akisikia kilio cha wanawake ndani ya ngome na kugundua kwamba hashtuki tena. Akiambiwa mke amekufa, anakosa hata huzuni. Kuhusu wachawi, walimtabiria ufalme, hawakumwambia aue. Na Banquo aliwasikia vilevile akarudi nyumbani bila kuua mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la siasa. Mfalme James alikuwa Mskoti, alichukua kiti cha Uingereza mwaka 1603, akalifanya kundi la Shakespeare kuwa kundi lake. Alijihesabu kuwa mzao wa Banquo. Alikuwa ameandika kitabu juu ya wachawi mwaka 1597 na kingine juu ya haki ya wafalme mwaka 1598. Na tarehe 5 Novemba 1605 aliponea chupuchupu njama ya kumlipua kwa baruti pamoja na bunge lake. Tamthilia iliyoandikwa karibu na mwaka 1606, inayosema kwamba kumuua mfalme ni dhambi isiyo na kifani, ni ya kumpendeza nani kama si yeye? Nakubali sehemu. Kusafishwa kwa Banquo ni kazi ya kumpendeza mfalme, na hata kufutwa kwa mila ya zamu kulimfaa mtawala aliyehubiri kwamba ufalme hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kwa amri ya Mungu. Lakini kumpendeza mfalme kungetaka zimwi tu, mtu mbaya tangu mwanzo, wa kuzomewa. Hakukuwa na haja ya kumpa muuaji dhamiri iliyo hai kuliko ya mtu mwingine yeyote katika tamthilia, wala kuifanya hadhira ikae ndani ya kichwa chake hadi imhurumie. Tena tamthilia inaishia kwa mfalme aliyetawazwa kukatwa kichwa na raia wake, na kichwa hicho kuletwa jukwaani. Hilo si fundisho ambalo James angelichagua.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna njia nzuri ya kulipima jambo hili. Tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1968 na Tanzania Publishing House, miaka mitano baada ya Julius Nyerere kutoa tafsiri yake ya kwanza ya Julius Caesar. Ziweke kando kwa kando. Brutus naye anamuua Kaizari, mtawala aliyempenda na kumwamini, naye anakosa usingizi, naye anajiwa na mzimu. Lakini haporomoki. Anakosea katika siasa na katika vita, anakufa akiwa mtu yuleyule, na maadui zake wanamsifu juu ya maiti yake. Tofauti ni kwamba Brutus ana mila nyuma yake, chuki ya kale ya Warumi dhidi ya wafalme, na ndani ya mila hiyo kisu chake kina maana hata kama kilikuwa kosa. Macbeth hana la kumwambia mtu, na ndiyo maana hawezi kuliacha tendo lake lipite. Analilinda kwa tendo jingine, na hilo kwa jingine.

Hapo linakuja swali gumu: kama Malcolm wa Pili alimuua mtangulizi wake na kutawala miaka 29, na Macbeth wa kweli akatawala 17 na kwenda Rumi kutoa sadaka, je, tamthilia haisemi uongo inapodai kwamba tendo la namna hiyo humwoza mtendaji? Jibu langu ni kwamba wale wawili walilala usingizi kwa sababu mila iliwalaza. Iliwaambia walichofanya si mauaji bali ni zamu. Na mila mpya, ya mwana kumrithi baba, haikuwa safi kuliko ile ya zamani; nayo iliwalaza wenyewe. Baada ya mwaka 1058 wazao wa Malcolm wa Tatu, yule mwana wa Duncan, walihitaji zaidi ya miaka 170 kuyamaliza matawi mengine yaliyodai kiti. Mwaka 1130 Oengus wa Moray, mjukuu wa Lulach, aliuawa vitani Stracathro. Mwaka 1230 ikafika zamu ya mtoto mchanga wa kike, wa mwisho katika ukoo wa MacWilliam, ambao nao ulitokana na Malcolm wa Tatu. Huyo, kwa mujibu wa historia iliyoandikwa katika nyumba ya watawa ya Lanercost, aliuawa hadharani sokoni Forfar, kichwa chake kikipigwa kwenye nguzo ya msalaba, baada ya mpiga mbiu kutangaza. Huko ni kuua mtoto kwa ajili ya kiti, kosa lilelile ambalo jukwaani linaonyesha kwamba Macbeth amefika chini kabisa, na lilifanywa mchana, kwa tangazo, na upande ulioshinda. Hakuna tamthilia iliyoandikwa juu ya dhamiri ya mfalme wa wakati huo, Aleksanda wa Pili.

Wapo, mwisho, wanaosema Macbeth anajikomboa dakika za mwisho, kwa sababu anapogundua kwamba utabiri umemhadaa anakataa kusalimu amri na anapigana mpaka kufa. Ujasiri upo, sibishi. Lakini ujasiri haukuwa umepotea. Kabla hajaingia jukwaani tunasimuliwa jinsi alivyompasua adui kutoka kitovuni hadi tayani, na kila aliyesikia akamsifu, mfalme akiwa wa kwanza. Alikuwa fundi wa kuua tangu mwanzo, na ufundi huo ulikuwa na mahali pake, adui wake na shukrani yake. Kilichopotea kati ya sifa ile na kifo chake ni uwezo wa kuona tofauti kati ya kuua huku na kuua kule, uwezo aliokuwa nao kwa ukali wa kumtesa katika usiku ule wa tendo la kwanza. Huo haurudi. Anakufa akiwa na upanga mkononi bila kumwomba mtu msamaha, hata Macduff aliyesimama mbele yake, ambaye kwa dakika moja tu Macbeth anaonekana kutaka kumwepuka kwa sababu nafsi yake mwenyewe tayari imeelemewa na damu ya nyumba ya Macduff. Kisha Malcolm anamwita mchinja watu, anawagawia wakuu vyeo vipya ambavyo Uskoti haikuwa navyo, na anawaalika wote Scone waone mwana akikalia kiti cha baba yake.